Betri ya Gari Letu Naipima Mwenyewe

Zamani nyumbani kwetu mambo ya gari yalikuwa ya baba watoto. Mwaka 2019 alihamishiwa kikazi mkoa mwingine, nami nikabaki Dar es Salaam na watoto watatu, mmoja wao akiwa na pumu. Mama mwenye mtoto wa pumu atanielewa nikisema kwamba gari lisilowaka saa nane za usiku ni jambo la kutisha.

Haukupita muda gari likaanza kusita. Ukizungusha ufunguo, stata inajivuta kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, na taa za mbele ya dereva zinafifia. Fundi wa mtaani hakufungua hata boneti. Alisema, "Mama, betri imekufa, nunua nyingine." Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya ada. Nikampigia simu mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari huko Mwanza. "Dada, usinunue kitu kabla hujapima," akaniambia. Jirani akaniazima mita ndogo ya volti.

Betri ya gari ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti mbili na ushee. Ipimwe asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, maana ukipima mara tu baada ya safari mita itakudanganya. Waya mwekundu uguse kichwa cha chanya, mweusi cha hasi. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6, kwenye 12.2 umebaki nusu hivi, na ikishuka hadi 12.0 umeme umekaribia kwisha. Yangu ilisoma 12.3. Kisha jirani akakaa kwenye usukani akawasha, nami nikatazama mita. Betri mbovu ingeanguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Hii ilibaki juu ya 11, na bado stata ilikuwa inajivuta! Mdogo wangu akacheka. Umeme upo, alisema, ila hauna njia ya kupita. Tazama vichwa vya betri.

Kweli, vilikuwa vimeota unga mweupe uliochanganyika na kijani, nao huzuia umeme kutoka na hata kuingia wakati gari linachaji. Hapa akina mama wenzangu naomba mnisikilize vizuri. Kabla ya kugusa spana, vua pete na bangili. Pete ya ndoa ikiunganisha spana na chuma cha gari inaweza kuunguza kidole vibaya sana. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche zitaruka, na betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali.

Nilikoroga magadi kwenye maji ya moto, yale yale tunayopikia maharage, nikasugua kwa mswaki wa zamani, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa barabara ili magadi yasiingie ndani. Nikasuuza, nikakausha, nikakaza waya, nikapaka mafuta ya mgando juu yake. Gari liliwaka mara moja, na mita ikasoma 14.1 injini ikinguruma. Ada ililipwa.

Betri ile iliendelea miaka miwili zaidi. Kwa kuwa ilikuwa ya kuongezwa maji, niliongeza yale safi ya betri tu. Maji ya bomba yana chumvi, na asidi haiongezwi. Soma chupa vizuri dukani, kwani wengine huviita vyote viwili "maji ya betri". Joto la pwani huichosha, na safari fupi za sokoni haziijazi, hivyo kila Jumamosi nililiendesha gari kwa saa nzima.

Mwaka 2021 ilikwisha kweli. Ilichajiwa ikajaa, na asubuhi mita ikasoma 11.4; chumba kimoja kilikuwa kimekufa. Niliponunua mpya nilitazama tarehe ya kutengenezwa, nguvu yake, na kama chanya iko upande ule ule.

Na ile ya zamani? Kijana mmoja alitaka kuinunua akayeyushe risasi uani kwao. Nilikataa. Huko Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi kwa majirani hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi hapo, aligundua kuwa mtoto wake mchanga ana risasi katika damu. Alipigania jambo hilo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na mdogo ndiye huumia zaidi. Niliweka betri wima ndani ya beseni kuukuu, nikaipeleka kwa muuza betri, naye akanipunguzia bei ya ile mpya. Beseni nalo sikulirudisha jikoni.