Waliomaliza na Wanaosubiri

Alhamisi, 26 Juni 2025

Kesho saa nne asubuhi kwa saa zetu. Msimu wa tatu wa tamthilia ya Squid Game, vipindi sita kwa mkupuo. Kundi letu la simuni limechemka toka alfajiri. Hata wale ambao huwasikii mpaka kuwe na mchango wa harusi, leo wanaandika.

Nimebandika tangazo: hakuna kutaja nani kafa, hakuna kutaja nani kashinda, mpaka tukubaliane vinginevyo. Madole gumba yakamiminika. Sijatulia. Kuahidi kabla ya kuona ni rahisi. Kazi inaanza pale mtu amemaliza kipindi cha mwisho, moyo unamdunda, na simu iko mkononi.

Dada wa Muscat kanitumia voisi usiku huu. Kesho hana mapumziko, mabosi wake wana wageni. Mpaka Ijumaa ijayo. Na huyu ndiye anayetuchambulia kila kitu tangu msimu wa pili ulipotuacha pabaya, Desemba tarehe 26. Voisi ndefu ndefu, anarekodi akishamaliza vyombo vya watu. Miezi sita anabashiri. "Mnilindie jamani," kasema. Nitamlindaje na umati wote huu?

Ijumaa, 27 Juni

Mmoja kamwaga mtama.

Saa kumi na moja jioni. Hakuandika hata jina la mhusika. Namba na emoji ya mshumaa, basi. Mchezoni kila mtu ana namba kifuani, na sisi tumewazoea kwa namba zao, kwa hiyo namba moja na mshumaa mmoja vinatosha. Ujumbe umejitokeza juu ya kioo cha simu iliyofungwa, mbele ya kila mtu, hata aliyekuwa anaangalia saa tu. Nimefuta mbio. Ila kilichosomwa kimesomwa. Namba hiyo siiandiki hata humu.

Kijana wetu wa bodaboda, anayesubiri nakala iliyotafsiriwa, kaandika: "Kwa hiyo ndiyo basi?" Akanyamaza. Saa tano usiku sasa, hajarudi. Kimya chake kimeniuma kuliko angetukana.

Muscat bado tiki moja. Abaki hivyo hivyo.

Jumamosi, 28 Juni

Mwenye mshumaa kajibu. Eti ni filamu tu. Eti asiyetaka kujua azime simu.

Azime vipi? Kundi hilo hilo ndimo tunamoambiana nani kalazwa, msiba uko Mbagala au Gongo la Mboto, nani anaanza kukusanya mchango. Humwambii mtu ajitenge na watu wake wiki nzima kwa sababu wewe umeshindwa kukaa na siri siku mbili. Na hiyo "filamu tu" ndiyo inayonichoma. Mshtuko wa kwanza unapatikana mara moja. Filamu utairudia upendavyo, ule mshtuko haurudi. Aliyekunyang'anya hana cha kukulipa, hata akitaka.

Mwingine akadakia: nani kawatuma muwe wa mwisho? Wa mwisho ni akina nani? Nesi wa zamu ya usiku. Mwenye bando la kuungaunga. Anayesubiri duka la muvi mtaani kwao limwekee kwenye flashi. Hakuna aliyechagua kuchelewa hapo.

Halafu kuna hawa wapole. "Mimi sisemi kitu, ila mwandae leso." Umeshasema! Mtu ukishamwambia aandae leso, hatazami tena, anasubiri kulia. Kila mhusika akitabasamu anamhesabia dakika. Hili lazima liingie kwenye kanuni.

Jumapili, 29 Juni

Kwa Shangazi, Temeke. Tumekula, tukakaa na Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Shangazi ana vipindi vya zamani, anavirudia. Binti yake aliyesoma historia alishamwambia zamani: Suleimani atamwua Ibrahimu Pasha, rafiki yake wa ujanani, na kweli ilitokea mwaka 1536. Anajua yote. Na bado kanga iko mdomoni, machozi yanatiririka.

"Shangazi, hukuharibikiwa uhondo?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia anisimulie. Nisipojua silali. Nikijua najikaza."

Nimerudi na daladala nikiwaza hilo. Wapo watu wa hivyo, na si wachache. Tumelelewa na ngano ambazo Sungura atamshinda Fisi, tunajua, na tunaomba turudiwe. Enzi za Lufufu, kwenye vibanda umiza vya video, mfasiri huyo wa filamu alikuwa anazungumza juu ya picha mwanzo mpaka mwisho na watu walijazana mpaka mlangoni. Kujua si sumu.

Lakini Shangazi aliomba aambiwe. Bodaboda hakuomba.

Jumatatu, 30 Juni

Mbishi wetu wa chuo kaleta utafiti. Leavitt na Christenfeld, Chuo Kikuu cha California, San Diego, 2011. Waliwapa watu hadithi fupi 12, wengine wakaambiwa mwisho kabla ya kusoma, na walioambiwa wakazipenda zaidi kidogo. "Mnaona? Spoila hazina madhara." Na vicheko juu.

Nimelala nayo kichwani. Hadithi fupi, unaletewa, unasoma, unaondoka. Wahusika hukuwahi kuwajua, hukuwasubiri, hukugombana na mtu kwa ajili yao. Sisi tuna hawa watu tangu Septemba 2021! Halafu nikaona kwamba mwaka 2015 Johnson na Rosenbaum nao walipima, wakapata kinyume: walioambiwa mwisho walifurahia pungufu. Kwa hiyo hata wataalamu kesi hawajaifunga.

Na hata wangeifunga. Wastani wa watu wa San Diego haunipi ruhusa ya kumwamulia mtu aliye Muscat.

Jumanne, 1 Julai

Siku nzima tunavutana kuhusu muda. Wenye intaneti ya nyumbani wanataka siku tatu. Wanaosubiri tafsiri wanataka mwezi. Mmoja kapendekeza wiki mbili, tugawane hasara.

Kila tarehe inayotajwa namuona mtu inayemwacha nje. Mpwa wangu ana miaka 14, juzi tu ndiyo kaanza msimu wa kwanza. Kwake hii ni mpya kabisa. Nani atamwambia muda wake umepita? London kuna mchezo wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulianza kuonyeshwa 1952. Mpaka leo ukiisha, mwigizaji anawaomba watazamaji wasiende kumtaja muuaji nje. Zaidi ya miaka 70! Anayeingia kesho naye ana haki yake. Hitchcock naye, 1960, na filamu yake Psycho, alizuia watu wasiingie sinema ikishaanza. Wale walijali kweli.

Muda si jibu. Sijapata jibu lakini muda si jibu.

Jumatano, 2 Julai

Bodaboda karudi. Kauliza bei ya tairi. Sikumgusia. Nimefurahi tu kuona jina lake.

Alhamisi, 3 Julai

Leo wamelia waliomaliza, na wana haki. Jirani wa ghorofa ya pili kanifuata mpaka ngazini. Kamaliza tangu Ijumaa, mume hatazami, kazini hawatazami, kundini kafungwa mdomo. "Nimebaki na haya mambo yote tumboni, nimwambie nani?" Macho yamejaa. Anataka kujua kama wengine nao walikasirika pale alipokasirika yeye. Tumesimama pale kwenye ngazi zaidi ya saa nzima, ndoo ya maji mkononi mwake, na tumeongea kila kitu. Raha iliyoje! Nusu ya utamu wa tamthilia iko kwenye mazungumzo ya baadaye, na mimi kama admini nimekuwa nikiwazibia watu hiyo nusu.

Usiku nikasoma jinsi watu wa zamani walivyofanya. Kabla hata ya picha kwenye intaneti, miaka ya 1980, kwenye majukwaa ya mijadala ya Usenet, mtu akitaka kuandika mwisho wa hadithi alisogeza kila herufi nafasi 13. A inakuwa N, B inakuwa O. Maneno yapo, yote, ila husomi mpaka uamue kuyageuza. Telegram nao tangu mwisho wa 2021 wana kificho chao, maandishi yanafunikwa na nukta zinazochezacheza mpaka uyaguse kwa kidole.

Nikaona. Wote hao hawakumzuia mtu kusema. Walimwachia msomaji ufunguo. Kinachotakiwa ni mahali. Chumba cha waliomaliza, mlango wake uwe na jina, kila anayeingia awe amejua anaingia wapi. Mle ndani aseme mpaka achoke. Na sebuleni, kwa wote, siri haina tarehe ya kuisha.

Shangazi wa watu naye ataingia moja kwa moja chumba cha waliomaliza bila kutazama hata kipindi kimoja. Karibu sana.

Ijumaa, 4 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe kutoka Muscat: "Mabosi wamekwenda Salalah. Naanza." 

Sikuweza kufanya kazi. Saa tano: "Cha kwanza nimemaliza, msiniambie kitu." Saa saba: "Jamani." Saa tisa kimya. Nikajua yuko wapi, kipindi kile. Moyo wangu ulikuwa unakwenda naye.

Jioni voisi. Mwanzo ni kilio tu, anavuta pumzi, nyuma nasikia kiyoyozi kinavuma. Halafu akaanza kuongea. Miezi sita ya kubashiri, na lile kubwa hakulibashiri. Hakuwa na habari kabisa! Ule mshumaa haukumfikia. Nimesikiliza mara mbili, nikalia naye, nikamfungulia chumba cha waliomaliza. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa wa kwanza kumpokea. Hawajawahi kuonana hao. Saa saba za usiku sasa na bado wanabishana kuhusu mtu mmoja aliyesaliti wenzake, na ni ubishi mtamu haswa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nje kelele za watu wanaoelekea viwanjani. Nimekaa ndani nikaandika kanuni na kuzituma. Nanakili humu kama zilivyokwenda:

"Ndugu zangu, kuanzia leo tuna vyumba viwili. Huku kwa wote, hakuna kifo, hakuna mshindi, hakuna ndoa ya mwisho, hata kama tamthilia ina miaka kumi. Wala kwa namba, mshumaa, stika, picha ya status au 'andaeni leso'. Voisi ianze kwa kutaja tamthilia na kipindi, ili mtu aizime mapema. Kule kwa waliomaliza, semeni yote, lieni, watukaneni waandishi wa hadithi. Anayetaka kuambiwa mwisho kabla hajatazama aje kule mwenyewe, asiletewe. Atakayemwaga huku ujumbe wake unafutwa na anaombwa radhi aliyeumizwa, kwa jina. Aliyeko zamu, aliyeko ughaibuni, asiye na bando, wote ni wenzetu katika hadithi hii. Tafadhalini, wasubirini."