Sheng na Mzigo Usio Wake

Ni nadra kwa wapenzi wa Kiswahili nchini Kenya kumaliza kikombe cha chai pamoja pasipo Sheng kushtakiwa. Mashtaka yenyewe si mageni: kwamba imekiua Kiswahili sanifu, kwamba huwaangusha watoto mitihanini, kwamba ni lugha ya wahuni na wapiga debe. Hukumu nayo hutolewa papo hapo. Ajabu ni kwamba aghalabu husomwa kwa Kiingereza. Mwalimu humkemea mwanafunzi kwa kusema "wasee", kisha humgeukia mwenzake na kulalamika, kwa Kiingereza, kwamba lugha ya taifa imeharibika. Na katika chumba kizima cha walimu hapatikani wa kucheka.

Wasomi nao hawakuachwa nyuma. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walichapisha kamusi ya Sheng kupitia TUKI, Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, maana kuyakusanya maneno yasiyotulia ni sawa na kuchunga panzi. Lakini jalada liliitaja Sheng kuwa lugha ya ulimwengu wa magizani, na fasili zilitolewa kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Muuza mboga wa Makongeni anayeitumia kumwita mtoto wake ale chakula cha jioni angeshangaa kuambiwa kwamba anasema lugha ya magizani.

Kuhusu chimbuko lake hapana mwafaka. Wengi huitaja miaka ya 1970 na mitaa ya mashariki ya Nairobi; Alamin Mazrui anazisogeza dalili zake nyuma hadi miaka ya 1930. Lisilo na ubishi ni mazingira yenyewe. Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati: chumba kimoja au viwili, jirani Mluo huku, Mkamba kule, Mkikuyu mkabala, na uwanja mmoja wa watoto wote. Mtoto alisikia lugha ya wazazi ndani, Kiswahili uani, Kiingereza darasani. Kule uwanjani, mbali na masikio ya watu wazima, vyote vilitiwa katika chungu kimoja. Ndiyo maana "odiero", yaani mzungu, limetoka katika Kidholuo, "waru", viazi, katika Kikikuyu, na "buda", baba, likaja na Wahindi. Hata "msee" huaminika kuwa ni mzee yuleyule wa Kiswahili, ila sasa hana mvi. Amekuwa kijana yeyote wa mtaani.

Mwanafunzi wa isimu hana budi kutua hapa kidogo. Chukua kauli ambayo yeyote huweza kuisikia kituoni: "Hawajambongesha." Mzizi ni "bong", kuzungumza, na kamusi ya Kiswahili sanifu haiutambui kwa maana hiyo. Lakini tazama ulivyovishwa. Kuna kikanushi ha-, nafsi ya tatu wingi wa-, -ja- ya tendo ambalo bado halijatimia, -m- ya mtendwa, kauli ya kutendesha -esh-, na kiishio -a. Mofimu zote zinazouzunguka mzizi ni za Kiswahili, na kila moja imekaa pale ambapo Ashton aliionyesha katika sarufi yake ya 1944. Kijana aliyeitamka kauli hiyo pengine alipata alama ya chini katika zoezi la viambishi wiki iyo hiyo. Sarufi anayo, hakuna aliyemwambia kwamba anayo.

Je, makosa yale yanayowatia walimu kichefuchefu? "Kitabu yangu", "ile kitu", "naendanga", "kasichana kadogo"? Hapa ndipo kesi yenyewe inapoporomoka. Hayo si ya Sheng. Ni Kiswahili cha bara, na wanaokisema ni pamoja na mabibi na mababu ambao neno moja la Sheng hawalijui na hawataki kulijua. Msikilize mheshimiwa jukwaani, au mhubiri siku ya Jumapili, uhesabu mara ngapi vitu vyote duniani vimesukumwa katika ngeli ya I-ZI. Kiambishi -anga cha mazoea kimetoka katika lugha za Kibantu za bara, na ka- ya udogo vilevile; vyote viwili hupatikana katika vinywa vya watu wazima wenye heshima zao. Lakini mheshimiwa huambiwa kwamba ameteleza ulimi, naye kijana wa Kayole huambiwa kwamba ameharibu lugha.

Kuna na suala la tabaka, ambalo mijadala yetu huliruka kama dimbwi. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, walieleza misimbo miwili ya vijana wa Nairobi: Sheng ya mitaa ya mashariki, na Engsh ya mitaa ya kitajiri ya magharibi, ambayo msingi wake ni Kiingereza. Zote mbili ni mchanganyiko, na zote zina maneno ya kuwafungia wazazi mlango. Ni mara ngapi kongamano la Kiswahili limeitishwa kuilaani Engsh? Mtoto wa Lavington akichanganya huonekana amesoma. Wa Kaloleni akichanganya huonekana mhuni.

Haya hayamaanishi kwamba Sheng ni malaika. Hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na neno la mwaka jana humchekesha anayelitumia mwaka huu. Humwacha nyanya nje ya mazungumzo ya wajukuu wake, na mara nyingine hilo ndilo kusudi lake. Anayeandika barua ya kuomba kazi, au anayetoa ushahidi mbele ya hakimu, anahitaji lugha itakayoeleweka na mtu asiyemjua. Kumnyima kijana Kiswahili sanifu kwa kisingizio kwamba Sheng inamtosha ni kumfungia njia, na wanaoisifu Sheng kutoka katika ofisi zenye zulia wanafaa kulifikiria hilo.

Ila njia iliyotumiwa kumfundisha ndiyo iliyomponza. Katika shule nyingi kulikuwa na kibao kilichoitwa diski, kikavishwa shingoni yule aliyenaswa akisema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu ya namna hiyo ya enzi za mkoloni katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind. Uhuru ulipokuja, kibao kilibaki. Sheng ikaongezwa katika orodha ya makosa. Nacho Kiswahili? Zipo shule ambazo kilivalishwa diski hiyohiyo, isipokuwa katika siku moja au mbili za juma kilizotengewa. Mtoto aliyejifunza kwamba Sheng na Kiswahili huadhibiwa kwa kibao kimoja hawezi kulaumiwa akizitia zote katika kapu moja. Baadhi yao walichagua kunyamaza. Mwalimu akiuliza swali, jibu linalokuja kwanza kichwani ni la Sheng. Kulitafsiri kunahitaji muda. Muda ukipita, mwingine ameinua mkono. Ripoti ya mwisho wa muhula husema mtoto hashiriki darasani.

Wanaotafuta kura na fedha hawana shida hiyo. Mwaka 2002 mikutano ya NARC ilitikiswa na neno "unbwogable", kitenzi cha Kidholuo kilichovikwa viambishi vya Kiingereza, na wazee wenye suti waliliimba bila kuona haya. Kampuni ya simu ya Safaricom iliuza kadi zilizoitwa Bamba. Hata "matatu", neno ambalo leo halimkoseshi usingizi mhariri yeyote, lilizuka barabarani kutokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10. Lilianza kama msimu, likakaa.

Katika mtihani wa KCSE, sehemu ya Isimujamii, mtahiniwa anaweza kupewa mazungumzo ya vijana na kutakiwa atambue sajili kisha aeleze sifa zake: kuchanganya ndimi, kufupisha maneno, kuunda msamiati mpya. Mtoto wa Dandora hulijibu swali hilo bila kutoa jasho, akapata alama zake zote. Neno hilohilo likimponyoka katika insha ya Karatasi ya Kwanza, huzungushiwa wino mwekundu.