Nyuzi Nane za Nyaramba

Matatu ilinishusha sokoni Nyaramba, Kaunti ya Nyamira, wachuma chai wakirudi na vikapu mgongoni. Njia nzima nilikuwa nikimsikiliza mtunzi Gustav Mahler: Das Lied von der Erde, nyimbo sita za waimbaji wawili na okestra. Nilitaka nizisikie hizo na obokano, ala ya nyuzi ya Wagusii, ndani ya siku moja.

Mahler alizitunga kiangazi cha 1908. Mwaka uliotangulia alimzika bintiye mkubwa, akaacha kazi katika jumba la opera la Vienna, na daktari akamgundua ana ugonjwa wa moyo. Maneno aliyachukua kwa Hans Bethge, aliyeyasimulia upya mashairi ya kale ya Kichina kwa Kijerumani. Januari ya 1908 hiyohiyo, huku Gusii, Mgusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote. Wakoloni wakalipiza kwa kuteketeza nyumba na kuswaga ng'ombe. Msiba wa Vienna ulipata okestra. Wa Gusii ulibaki vinywani mwa wazee.

Obokano ni kubwa kuliko inavyoonekana pichani: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi nane, siku hizi za nailoni. Mzee aliyenikaribisha alikaa kigodani, akaigusa, ikavuma kama mzinga wa nyuki. Mvumo ule unatua kifuani kabla hujajua umetoka uzi gani. Nyatiti ya majirani zao Wajaluo nayo ina nyuzi nane, ila sauti yake ni nyepesi na ya mbio, na mpigaji hutia mdundo kwa pete ya chuma aliyoivaa kidoleni mwa mguu.

Wimbo wa mwisho wa Mahler, wa karibu nusu saa, unafunguliwa na upatu na vinubi vya sauti ya chini. Halafu okestra karibu yote inanyamazishwa, sauti ya mwanamke ikabaki na filimbi moja. Mzee wangu hana wa kumnyamazisha. Akifika penye neno zito, huacha nyuzi mbili tu zitembee. Shabaha ni ileile: neno lisikike.

Lakini mwimbaji wa Mahler haongezi hata silabi. Mzee alinitia mimi wimboni, pamoja na kijana wa bodaboda aliyenifikisha kwake. Watu wakaangua kicheko, nami nikatoa noti mfukoni (hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya ubeti ule). Kwa kuipandisha huzuni polepole hadi mwisho, Mahler hana mpinzani. Kwa wimbo kumjua msikilizaji wake, sijasikia okestra ya kumfikia mzee yule.

Mahler alifariki Mei 1911 kabla hajazisikia nyimbo zake hizo. Novemba kondakta Bruno Walter aliziongoza Munich, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa. Za mzee zimo kichwani mwake. Ukipita Nyaramba, ulizia mpiga obokano, omba ruhusa, rekodi wimbo mzima badala ya kipande cha kurusha mtandaoni, kisha umlipe.