Stempu za Mzee

Leo siandiki habari za Bunge wala foleni ya Mbagala, hizo mnazisoma gazetini kila siku. Leo naandika kuhusu stempu. Ndiyo, stempu zile zile za kubandika kwenye barua.

Mzee wetu alipofariki mwaka 2021, kati ya vitu alivyoacha kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa stempu ambazo hazijatumika. Hakuwa mkusanyaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na enzi zake mtu ukienda posta unanunua na za akiba, kama unavyonunua kibiriti. Kulikuwa na barua za maombi ya kazi, kadi za salamu za kupeleka Redio Tanzania, na ndugu wa Kigoma wa kuwajulia hali. Gharama ya kutuma barua ikapanda, ikapanda tena, na zile za bei ndogo zikabaki koponi: za shilingi 10, za 20, za 50. Chini kabisa nikakuta chache zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanzania, za wakati posta yetu ilikuwa moja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977.

Mwenzangu mmoja pale chumba cha habari alipoziona macho yalimtoka. "Mwanangu, hizo hela hizo!" Alikuwa amesikia ile stempu ya British Guiana ya mwaka 1856, iliyouzwa New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 9. Sasa ile inajulikana iko moja tu duniani. Hizi za mzee zilichapwa kwa wingi, na kila mwalimu nchini alikuwa nazo.

Mama ndiye aliyemaliza mjadala. "Baba yako alizinunua azitumie, si aziangalie. Zitumie."

Nikaja kugundua kwamba hata wenzetu wanafanya hivyo. Marekani, stempu yoyote ya posta yao iliyotolewa tangu mwaka 1861 bado inalipia barua, na wapo wanaonunua za zamani kwa bei ya chini ya ile iliyoandikwa, wanazipanga kwenye bahasha mpaka hesabu itimie. Uingereza wao walibana: mwaka 2023 stempu za kawaida zisizo na msimbo zilikoma kutumika.

Swali likawa nimwandikie nani. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye jambo lenyewe.

Tangu msiba, sisi na baba mdogo kule Kigoma hatukuwa sawa. Ni mambo ya shamba, mnayajua. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, sentensi ya tatu tayari ni kelele. Nikimtumia ujumbe, unajibiwa "sawa" basi. Barua ina uzuri mmoja: hakuna anayeweza kukukatiza katikati.

Nilikwenda posta na kopo langu. Dada wa dirishani akacheka kwanza, kisha akazikagua. Zile za majina matatu akanirudishia, nyingine akakubali. Tukajumlisha pamoja. Akanionya nisibandike moja juu ya nyingine, kwa sababu iliyofunikwa haihesabiwi, na niache nafasi ya muhuri. Gundi ya nyingi ilikuwa imeshakauka, nikaomba ya chupa. Upande wa mbele ulijaa, nikahamia nyuma ya bahasha. Anwani ilibaki imebanwa katikati kama abiria wa daladala saa moja asubuhi.

Ndani sikuandika habari za shamba hata neno moja. Nilimwandikia jinsi mzee alivyokuwa siku zake za mwisho, alikula nini, alimtaja nani. Baba mdogo hakuwahi kuyasikia hayo, maana alifika siku ya mazishi, na baada ya hapo tukaanza kugombana.

Wiki kadhaa baadaye lilikuja jibu kwenye sanduku la posta la ofisini, ukurasa mmoja, mwandiko wa kuinamia kulia kama wa mzee. Aliandika kwamba alizitambua zile stempu kabla hajafungua, kwa kuwa barua zote za kaka yake zilikuja nazo. Akamsalimia mama. Akasema Desemba nije, na nije na kopo nilione.

Shamba bado halijagawanywa. Lakini sasa tunaongea.

Stempu isiyotumika ni barua iliyolipiwa ambayo haijaandikwa, na kila bei inapopanda inazidi kushindwa kukufikisha. Kama nyumbani kwenu kuna kopo la namna hii, liulizieni. Kisha zipelekeni dirishani mkapate jibu, mzibandike, mwandike.

Mimi zimebaki kama nusu kopo. Anayefuata ni shangazi wa Tabora.

Wasalaam.