Njia ya Bububu

Likizo ya skuli ikianza, sisi watoto wa Mji Mkongwe tulipakiwa pale Darajani kwenye gari za shamba, zile za bodi ya mbao, tukabanana na makapu, magunia na kuku waliofungwa miguu. Njia ya Bububu inapita kwenye magofu: Maruhubi, kasri aliyoijenga Seyyid Barghash ikaungua 1899, kisha Mtoni, alikokaa baba yake, Seyyid Said, aliyeuhamisha mji mkuu wa dola yake kutoka Muscat akauleta Unguja. Hakuna aliyegeuza shingo kuyatazama. Tulikuwa tunawahi karafuu.

Kwa bibi, upande wa Kizimbani, wanaume walikuwa juu ya mikarafuu tangu alfajiri. Jioni nyumba nzima ilikaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, ujira ukipimwa kwa pishi. Asubuhi zilianikwa kwenye majamvi zikiwa bado kijani chenye wekundu, na baada ya siku kadhaa za jua kali zikawa kahawia, zinavunjika ukizibana. Wingu likitanda tu, bibi alipiga ukelele: "Anueni! Anueni karafuu!" Chungu kikaachwa jikoni kiungue.

Tusidanganyane, hata wakati huo Unguja haikuwa tena kisiwa cha karafuu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu yetu mingi, Pemba ikashika uongozi na haijauachia mpaka leo. Kisha Indonesia, iliyokuwa ikizinunua kwa ajili ya sigara zake, ikapanda za kuitosha, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mjomba akalima muhogo.

Halafu wageni wakaja. Siku hizi wanashushwa na basi dogo shambani kwa mjomba, wanaonyeshwa mdalasini, iliki na kungumanga, wanapakwa rangi ya mzingefuri midomoni, kijana anaparamia mnazi huku anaimba, na kila mmoja anaondoka na kofia ya makuti. Wakitoka hapo wanapelekwa Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said 1850 kwa mkewe Mwajemi. Sisi tulikuwa tukiingia humo kujikinga na mvua.

Wapo wanaosema haya ni maigizo. Na yawe. Mjomba analipwa hata mvua ikinyesha, jambo ambalo karafuu haikumfanyia hata siku moja. Ila mgeni anapewa kitawi kimoja anuse, anapita. Ile harufu iliyoganda vidoleni mwetu mpaka tukarudi nayo skuli, saa mbili hazitoshi kuipata.

Mimi wasiwasi wangu ni mji. Umeshapita Bububu, unapanda juu na matofali yake. Jirani wa mjomba ameuza, vigingi vya viwanja vimefika kwenye mpaka wetu, na mjomba naye ameshaanza kuulizwa bei.