Ng'ambo ya Mji wa Kale

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome ya Yesu, akaifuata njia ambayo Wamvita huiita Ndia Kuu, hupita penye milango ya nakshi na roshani za mbao, akauacha nyuma Msikiti wa Mandhry ambao asili yake ni mwaka 1570, na kisha hutokea Bandari ya Kale. Wengi hutazama majahazi, wakageuka kurudi. Afadhali wangesimama kidogo wakatazama ng'ambo, bara ya Kisauni. Maana mkono huu mwembamba wa bahari umevusha wagonjwa na wauguzi ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wo wote.

Mei 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa C.M.S., aliingia kisiwani pamoja na mkewe Rosine. Alikuwa mtu wa lugha, wala si tabibu. Mwezi Juni alikaa kama mwanafunzi mbele ya Kadhi, Sheikh Ali bin Moheddin, wakaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai nyumba yake ikageuka kuwa wodi isiyo na mwuguzi. Mume na mke walishikwa na homa, na siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilikuja kuthibitishwa mwaka 1897. Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa baada ya siku chache, na kitoto kikamfuata mama yake. Kabla ya kufa aliomba azikwe bara, mahali wapitapo Wamijikenda, ambao zamani wakiitwa Wanyika, ili kaburi liwakumbushe neno lililomleta. Ombi gumu kwa mume mgonjwa! Walakini mwili ulivushwa.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakaenda kukaa Rabai. Huyu ndiye aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848, na mabwana wa elimu kule London wakabisha kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Habari hiyo hufundishwa shuleni. Isiyofundishwa ni kwamba alikaa miaka 29 bila kuiona Ulaya tena, mpaka macho yake yakazimika. Wako wasemao kwamba alishindwa, kwa kuwa waliobatizwa walikuwa wachache. Lakini mtu asiyeona furaha katika kazi yake hakai hivyo.

Mwaka 1875 alirudi kwao Ujerumani, akiongozwa na Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa nchi hii. Kumwongoza kipofu si kazi ya kupigiwa vigelegele. Ni kumtafutia mguu wake ngazi ya meli, kumwekea kikombe mkononi, kumnong'oneza ni nani anayesema naye. Na kesho kuanza upya. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Kilimanjaro kingalionekana hata bila yeye, lakini bila Nyondo mzee yule asingalifika kwao.

Mwisho wa 1896 walishuka Mombasa Dr. Albert Cook na mwuguzi Katharine Timpson, pamoja na wenzao. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa, basi wakashika njia ya miguu kwenda Uganda. Februari 1897 Cook alianza kutibu huko Mengo. Mwaka 1902 hospitali ilipigwa na radi ikateketea, wakajenga tena. Bi Timpson, aliyeolewa na Cook mwaka 1900, hakuridhika kuuguza kwa mikono yake tu, bali aliwafundisha ukunga wasichana wa Kiafrika, nao wakaenda kuzalisha vijijini, ambako mama wengi walikuwa wakifa kama alivyokufa Bibi Rosine.

Siku hizi watu huvuka kwa daraja la Nyali lililojengwa mwaka 1980, badala ya lile la kuelea la mwaka 1931. Kaburi la Rosine liko upande ule, karibu na mnara wa kumbukumbu ya Krapf, na kutoka Mji wa Kale ni safari ya dakika chache.