Kabla Hujang'oa Giaboksi

Prado yako ikitoka Makupa kupanda Changamwe, injini inavuma lakini gari halivuti, usikimbilie kununua giaboksi nyingine. Fundi mzuri huunganisha kompyuta kwanza, asome hitilafu, kisha aitazame oili. Imepungua? Atafute inapovuja. Bado nyekundu, safi? Huenda ni sensa tu, au waya. Imekuwa nyeusi, yanuka kuungua? Klachi zimelika ndani, na oili mpya haiziponyi. (Prado za siku hizi hazina kijiti cha kupimia oili hiyo, lazima fundi aingie chini.)

Katika Zaburi 139 Daudi anaomba moyo wake uchunguzwe. Wewe umeshahama makanisa matatu, sasa wataka kumwacha mkeo. Nani amekuchunguza wewe? Jumatano baada ya ibada nitakuwepo. Njoo tuketi.